Folda Niliyoiita Salamu

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, na mimi mwenyewe nilibaki hapohapo. Ilikuwa Jumatano, saa nne kamili asubuhi, ofisi imejaa watu na jua, na kompyuta yangu ilikuwa imetoa ule mlio wake mdogo wa kuingia kwa barua. Mtumaji alikuwa Fundi wa lifti.

Fundi wa lifti tulikuwa tumemzika wiki moja na siku moja kabla.

Kwa wewe unayeingia leo, nakufupishia, ingawa neno hilo siku hizi linanichoma. Mimi ni karani wa barua katika idara ya matengenezo ya jengo la ghorofa saba. Mkuu wetu tunamwita Bwana Fupisha, kwa sababu hata ukimwambia habari za asubuhi atakujibu, "Nifupishie." Alipiga marufuku simu na maombi ya mdomo. Kila jambo liandikwe, lipitie kwangu. Watu wakaandika kweli, mpaka sanduku langu la barua pepe likafika barua elfu kumi na moja, na nikawa nahesabu barua hata ninapopiga mswaki.

Ndipo nilipojifunza kutengeneza kanuni. Unaiambia kompyuta: barua ya fulani ikija, ipeleke folda fulani, iwekee alama kwamba imesomwa, usinisumbue. Miezi mitatu nikapanga, nikafuta, nikapanga. Siku moja sanduku likaonyesha sifuri. Ofisi nzima ilinipigia makofi, wakanibandika jina la Bibi Sifuri, na mimi nikavimba kichwa.

Fundi aliandika kila Jumatano. Barua zake zilikuwa za kizamani. Anakujulia hali wewe, anawajulia hali wazazi wako, anakueleza mvua ilivyonyesha mtaani kwao, halafu ndipo anasema alilonalo. Sikuwahi kufika kwenye alilonalo. Nilimtengenezea kanuni yake na folda yake. Nikaiita Salamu.

Kisha Jumatatu moja lifti ya mizigo ilimshukia akiwa shimoni. Bwana Fupisha akaniuliza kama ofisi ilipokea ombi lolote la marehemu. Nikatazama sanduku langu safi, nikasema hapana, nikatia saini. Siku ile sikusema uongo. Uongo ulikuja baadaye, na leo nitakueleza saa ngapi.

Nilikuwa nimeikumbuka ile folda kwa bahati mbaya tu. Nikaifungua, nikakuta barua thelathini na moja. Nikiwa bado nazitazama, ya thelathini na mbili ikaingia.

Niliifungua, na kwa mara ya kwanza maishani nilisoma barua ya Fundi tangu juu hadi chini.

"Mwanangu Karani. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, wasiwasi ni kwenu tu. Goti la mama linaendeleaje? Siku ile tunangoja lifti uliniambia linamsumbua akipanda ngazi. Mwambie alifunge kitambaa cha moto kabla ya kuinuka kitandani."

Niliwahi kumwambia habari za goti la mama, mara moja, miaka miwili iliyopita. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba tuliwahi kuzungumza.

Aliendelea hivyo kurasa mbili. Ya tatu, chini kabisa, ilisema hivi.

"Nawashukuru sana kwa kuzima umeme Jumatatu ile kama nilivyoomba. Bila nyinyi nisingethubutu kuingia shimoni. Sasa breki iko wiki ya pili kazini, naomba mkuu aje aitazame, ataipenda."

Nilisoma mstari ule mara nne. Maiti alikuwa ananishukuru kwa kumwokoa.

Nikamwita Nenosiri. Huyu ni dada wa kompyuta. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata ukimwambia kichwa kinakuuma, kwanza atakuuliza kama umebadilisha nenosiri.

"Dada, njoo. Njoo sasa hivi."

"Umebadilisha nenosiri?"

"Marehemu ameniandikia."

Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akasoma tarehe na saa, akabonyeza hapa na pale.

"Hajafufuka mtu," akasema. "Alizipanga. Mwaka jana alikuja kwangu nimfundishe. Kila mwanzo wa mwezi anaandika barua nne kwa mpigo, kila moja inajituma Jumatano yake, saa nne. Siku za kazi mikono yake imejaa grisi, ataandika saa ngapi?"

"Kwa nini saa nne?"

"Alisema saa nne mtu ameshakunywa chai, moyo umetulia, atasoma vizuri."

Nikatazama kikombe changu. Nilikuwa nimekunywa chai.

"Zimebaki ngapi?"

"Hii ni ya nne. Mwezi umekwisha." Aliniwekea mkono begani. "Hazitakuja tena, shoga yangu. Usiogope."

Ajabu ni kwamba sikuogopa tena. Niliumia. Thelathini na mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nenosiri aliinuka kuondoka, kisha akarudi nusu hatua. "Ile kanuni yako. Uliiambia iweke alama ya kusomwa?"

"Ndiyo. Ili namba isipande."

Akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka kuacha jiko linawaka. Alikuwa anataka kusema kitu. Lakini mtu akamwita kutoka ghorofa ya pili kwamba kompyuta yake imeganda, naye akaenda. Laiti angesema.

Nikafungua barua ya thelathini, ile ya Jumatano kabla ya msiba. Safari hii nilijua pa kutazama. Nikashuka moja kwa moja hadi chini.

"Mwanangu, nimewaandikia mara nyingi juu ya breki kuteleza. Najua mna kazi nyingi. Basi nimeokota breki ya lifti ya pili, ile iliyokufa, nimeitengeneza mwenyewe. Nitaifunga Jumatatu asubuhi. Naomba mzime swichi kuu kabla ya saa mbili. Nikijua mmesoma, nitaingia."

Inafaa ujue utaratibu wetu. Swichi kuu iko kwenye chumba cha juu ya paa, na ufunguo wake unakaa ofisini kwetu, kwenye msumari nyuma ya mlango. Fundi anaomba kwa maandishi, sisi tunazima, yeye anaingia. Utaratibu huo Bwana Fupisha aliutunga mwenyewe, akautundika ukutani ndani ya fremu.

Nikageuka. Ufunguo ulikuwa pale kwenye msumari, una vumbi.

Meza yangu imeegemea ukuta wa shimo la lifti. Tangu ajali lifti ilikuwa imefungwa, mlango una mkanda mwekundu. Lakini nilisikia kamba zikikwaruza ndani ya ukuta, taratibu, kama zilivyokuwa zikikwaruza kila siku. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia. Nilipokiondoa, nikasikia tena.

Saa sita nikaenda kwa Bwana Fupisha, roho mkononi.

"Mkuu, kuna jambo kuhusu marehemu."

"Nifupishie."

"Tulipokea."

Akaacha kuandika. "Tulipokea nini?"

"Ombi. Aliomba tuzime umeme. Na kabla ya hapo aliandika juu ya breki, karibu mara thelathini. Ziko kwangu."

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Sijawahi kumwona akichukua muda mrefu hivyo kwa jambo lolote.

"Ziko wapi kwako?"

"Kwenye folda."

"Inaitwaje?"

Nilishindwa kumtazama. "Salamu."

"Basi," akasema. "Salamu si ombi. Folda ya salamu si kumbukumbu ya ofisi. Kesho kamati ya uchunguzi inakaa saa nne. Taarifa yangu inasema hatukupokea kitu, na chini yake kuna saini moja tu. Unajua ni ya nani?"

"Yangu."

"Umesifiwa jengo zima kwa usafi wa sanduku lako. Endelea na usafi."

"Lakini mkuu, watasema alijiua kwa uzembe. Ana mke. Ana watoto wanaobeba jina lake."

"Na wewe una mama mwenye goti," akasema Bwana Fupisha.

Sijui alijuaje. Labda na yeye niliwahi kumwambia tukingoja lifti. Tofauti ni kwamba mmoja alilikumbuka goti lile kwa wema na mwingine kwa ubaya.

Nikarudi mezani. Saa nane na dakika tano niliichagua ile folda, nikabofya kufuta. Kompyuta ikaniuliza, "Una hakika?" Kompyuta ina adabu kuliko watu wengi. Nikabofya ndiyo. Nikaenda kwenye kikapu cha taka, nikakimwaga. Ikaniuliza tena, nikabofya tena.

Sanduku likaonyesha sifuri. Hakuna aliyepiga makofi.

Saa nane na dakika tano, basi, ndiyo saa ya uongo wangu. Niliahidi kukwambia.

Jioni nilimkuta mama barazani amenyoosha mguu. Nilimchemshia maji, nikamfunga kitambaa cha moto kwenye goti.

"Leo umekumbuka nini?" akauliza.

"Kuna mtu amenishauri."

"Mtu mzuri. Nani?"

Nikamuuliza mimi. "Mama, zamani mlipokuwa mnaandikiana barua, mbona salamu zilikuwa nyingi hivyo?"

"Sasa mtu ataanzaje kukwambia shida yake hajakujulia hali? Ni adabu tu. Mwenye shida kubwa ndiye aliyesalimia sana, maana alikuwa anaona haya." Akacheka. "Baba yako alikuwa anarukia chini moja kwa moja. Anasema, ngoja nione huyu anataka nini."

"Kama mtu hakufika chini?"

"Hakufika kwa nini? Barua ya mtu unaiacha njiani?"

Nilichuchumaa nikajitia kuyakoroga maji ili asiuone uso wangu. Alisema kitambaa kimemsaidia, nimshukuru huyo mtu wangu.

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano Nenosiri alinisubiri kwenye ngazi. Siku hizi wote tunapanda ngazi.

"Umefuta folda jana, saa nane na dakika tano," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi naona kila kitu kinachofutwa humu."

Nikauhamisha mkoba bega la pili.

"Kinakaa kwangu siku kumi na nne. Baada ya hapo hata mimi sikipati. Lakini siwezi kukirudisha bila saini ya mwenye sanduku." Akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Sikulazimishi. Na kuna kitu jana nilitaka kukwambia kuhusu ile alama ya kusomwa. Unajua kwamba ukiweka ile alama..."

"Karani, twende," Bwana Fupisha akasema nyuma yetu. "Kamati wameshakaa."

Niliitia karatasi mkobani, nikamfuata.

Kamati walikuwa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anayesoma kila karatasi kwa kidole. Bwana Fupisha alisoma taarifa yake dakika mbili. Marehemu aliingia shimoni bila kuomba umeme uzimwe. Lifti ilikuwa imesimama juu kwa sababu wapakiaji walizuia mlango wake kwa katoni, naye akadhani imezimwa. Katoni ilipoondolewa, lifti ikashuka, breki isishike. Uzembe wa marehemu, Mungu amrehemu.

"Ofisi haikupokea barua yoyote?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna. Karani wangu amethibitisha."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mjane wa Fundi, na faili la plastiki la bluu amelikumbatia kifuani. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, makaburini, kwa mbali. Nilikwenda kuzika, nikaondoka bila kumpa mkono.

"Samahani nimechelewa," akasema. "Ngazi zenu nyingi."

Akapewa kiti na maji. Mwenyekiti alimweleza kwa upole taarifa ilivyosema. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, bila kulia.

"Sasa hapo kuna makosa kidogo," akasema. "Mume wangu aliomba. Na walisoma. Ninazo hapa."

Akafungua faili. Zilikuwa karatasi thelathini, zimetobolewa na kupangwa kwa tarehe, safi kuliko folda yoyote niliyowahi kuitengeneza.

Mwenyekiti akachukua ya juu, akaisoma kwa sauti, kidole kikitembea. "Barua yako ya Jumatano, saa nne kamili, imesomwa. Msomaji." Akatamka jina langu lote, na cheo changu.

Nikaelewa alichotaka kusema Nenosiri. Kila barua iliyoingia, kanuni yangu iliiwekea alama ya kusomwa, na kila alama ilimrudishia mtumaji risiti. Mara thelathini, kila wiki, ofisi yetu ilimwambia Fundi kwa jina langu kwamba amesomwa.

"Hizi ni risiti za mashine," Bwana Fupisha akawahi. "Mama, barua zenyewe unazo?"

"Sina. Ziko kwa huyu binti. Ni wewe, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Uso wake ukafunguka. Alinitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake wa siku nyingi.

"Alikuwa anakusema kila Jumatano," akasema. "Anarudi na karatasi yake, anaitoboa, anaiweka humu. Mimi nilikuwa namkatisha tamaa. Namwambia, baba watoto, hao hawajakujibu mwaka sasa, unaandikia ukuta. Ananiambia, hapana, pale kuna binti mmoja ananisoma. Mkuu ndiye mgumu, lakini binti ananisoma. Tena anazisubiri, nikituma tu ameshafungua."

Mwenyekiti akaishusha miwani, akaisogeza karatasi karibu na macho. "Imetumwa saa nne kamili. Imesomwa saa nne na sekunde mbili." Akachukua nyingine. "Sekunde mbili." Na nyingine. Akazirudisha mezani polepole. "Alikuwa anaandika barua za kurasa ngapi, mama?"

"Tatu, nne. Alikuwa mtu wa salamu nyingi."

Nyuma ya ukuta, naapa, kamba zilikwaruza.

"Jumatatu ile," mjane akaendelea, "alivaa ovaroli yake, nikamuuliza, una hakika wamezima? Maana huna ufunguo. Akanionyesha hii ya mwisho." Aligonga ile ya juu kwa kidole. "Akasema, huyu akishasoma nina amani. Akanywa chai, akatoka."

Akanigeukia. "Sikuja kugombana na mtu, mwanangu. Mtu wangu ameshakwenda. Nataka waandike tu kwamba aliomba, watoto wasije wakaambiwa baba yao alikuwa mzembe. Na wewe nilitaka kukuona. Nilitaka kumwona mtu aliyekuwa anamsoma."

Mwenyekiti alikuwa ananitazama mimi sasa. Alikuwa ameshajua nusu, yule mama. Nusu nyingine alitaka aisikie kwangu.

"Karani," akasema, "nakuuliza jambo moja. Ulizisoma?"

Nilitia mkono mkobani, nikaishika ile karatasi iliyokunjwa mara mbili. Nikisema ndiyo, maana yake nilijua na nikamwacha ashuke. Nikisema hapana, namnyang'anya huyu mama kitu pekee alichobaki nacho, mtu mmoja aliyekuwa akimsoma mume wake.

"Kwa kifupi," Bwana Fupisha akaninong'oneza, vidole vyake vimenibana kiwiko.

Nikakivuta kiwiko changu, nikasimama. Sikumtazama yeye wala mwenyekiti. Nikamtazama mjane, ambaye tangu msiba utokee sikuwahi kumpa hata pole.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akalegeza mikono juu ya faili lake, akingoja yanayofuata.